Kiboko Asomea Uwekezaji

Haya, sogeeni! Nina uongo mbichi, bado una maji yake!

— Ulete tuutafune!

Mna meno?

— Tunayo!

Mna mali?

— Hatuna!

Afadhali. Basi leo hakuna wa kuwalia chochote. Tegeni masikio.

Palikuwa na bonde, na katika bonde hilo palikuwa na Kiboko. Mkubwa huyo! Tumbo lake likifika mahali asubuhi, mkia unafika adhuhuri. Mwaka huo mavuno yalikuwa mazuri, na kila mnyama alibakiza mbegu za kupanda msimu ujao. Kanga alikuwa na mtama. Ngiri alikuwa na karanga. Swala alikuwa na kunde. Nguchiro naye, mdogo wao wote, alikuwa na kifuko cha ufuta.

Kiboko akawaita. "Ndugu zangu," akasema, "mbegu zikikaa kwenu zinalala tu. Nileteeni mimi niziwekeze. Mtanipa gunia, mtarudishiwa magunia."

"Kuwekeza ndiyo nini?" akauliza Kanga.

"Ukiona hujaelewa, ujue ni jambo kubwa," akajibu Kiboko.

Wakapeleka. Kiboko akazijaza ghalani kwake, kisha akajilaza mlangoni, puu! Njaa ikimshika, anageuza kichwa, anafungua domo, bwaa! Anachota, anatafuna, kwaju kwaju, anafumba macho.

Mawingu yakaanza kukusanyika. Kanga akaenda. "Bwana Kiboko, mvua inakuja. Naomba mtama wangu nikapande."

"Subiri. Mali inazaa." Kwaju kwaju.

Ngiri akaenda. "Bwana Kiboko, mvua inakuja. Naomba karanga zangu nikapande."

"Subiri. Mali inazaa." Kwaju kwaju.

Swala akaenda, lakini hata hakumaliza kusema. Kwaju kwaju kwaju!

Kanga akarudi kwake analia. Alikuwa na vifaranga wengi, na alijua kwamba mvua ikipita bila mtama kuwa ardhini, vifaranga wale hawatauona mwaka mwingine. Jirani yake Nguchiro akamsikia.

"Dada Kanga, unalia nini?"

"Naulilia mtama wangu. Unazaa tumboni mwa Kiboko."

Nguchiro akakata jani la mgomba, akalikunja, akalibana kwapani, akaenda kwa Kiboko kwa madaha, chwa, chwa, chwa.

"Shikamoo, Bwana Mwekezaji."

"Marahaba. Kama ni mbegu, subiri."

"Mbegu? Sikuja kwa mbegu mimi. Nimekuja kukupa hongera mapema. Mheshimiwa Tembo kule mlimani anatafuta mkuu wa uwekezaji. Atakayeipata kazi anakabidhiwa maghala yote ya mlimani."

Na hilo halikuwa uongo. Mbiu ilikwisha kupigwa. Masikio ya Kiboko yakasimama, pyu!

"Maghala yote?"

"Yote."

"Kazi hiyo ni yangu!"

"Nami nilijua. Umesomea wapi?"

Kiboko akajikuna. "Kusoma... Mimi nina tumbo, nina nguvu, nina mdomo."

"Hivyo hata waliosoma wanavyo," akasema Nguchiro. "Ila wao wana shahada pia."

"Shahada inapatikana wapi?"

"Kwangu. Mimi ndiye mwalimu, na chuo ni hapo hapo ulipolala. Ada ni kifuko changu cha ufuta."

Kiboko akacheka moyoni. Mjinga huyu, anadai ufuta wake mwenyewe! Akamtupia kifuko. Nguchiro akakidaka, na masomo yakaanza.

Nguchiro akachora kwenye matope mstari uliopinda, unapanda na kushuka. "Hii ni mali. Ikipanda, unasema nini?"

"Sijui."

"Unasema, 'Nilijua.' Ikishuka, unasema, 'Soko limetikisika.'"

Kiboko akarudia mara moja tu, akaweza. Hapo alifaulu vizuri sana. Alikuwa na kipaji, tusimnyime haki yake.

"Sasa," akasema Nguchiro, "mbegu umeziweka wapi?"

"Ghalani."

"Zote?"

"Zote."

"Lo! Msomi hafanyi hivyo."

"Msomi hufanyaje?"

"Msomi hutawanya. Ghala likiungua je? Panya wakiingia je? Msomi huweka kidogo hapa, kidogo pale, kidogo kule."

"Na wezi?"

"Hufukia chini, wasione."

Kiboko akatazama ghala, akachoka kabla hajaanza. "Nani afukie zote hizo?"

"Msomi hachafui mikono. Ana wateja. Waite wafukie wenyewe, kila mmoja kwake. Hayo yanaitwa matawi."

"Matawi!" akasema Kiboko, akalilamba neno lile kama asali.

Akawaita wanyama. Akasimama mbele yao, kifua mbele. "Nimeamua kutawanya! Kila mmoja achukue zake akazifukie kwake. Kwa mistari! Msirundike! Mimi nimesomea."

Kanga akafungua mdomo kutaka kuuliza. Nguchiro akamkanyaga mguu. Kanga akafumba. Wakabeba mbegu zilizosalia, mbio mbio, na Ngiri alipofika nyuma ya kichaka akaanguka chini kwa kicheko, miguu juu.

Mvua ikanyesha, chororooo. Ghala lilikuwa tupu, na tumbo la Kiboko likaanza kunguruma.

"Mwalimu, nataka nikaangalie matawi yangu."

"Msomi hafanyi hivyo."

"Msomi hufanyaje?"

"Msomi huwekeza kwa muda mrefu. Hukaa akafunga tai akasubiri."

Nguchiro akamfunga tai ya kamba ya mgomba. Akavuta, akavuta tena, mpaka domo lile likabaki kufunguka kwa kiasi cha kutoa salamu tu.

"Inabana!" akalia Kiboko.

"Ndiyo kazi yenyewe."

Kiboko akavumilia. Akawa anang'ata majani ya ukingoni, jani moja moja, huku anaota maghala ya mlimani. Mkimcheka mcheke, lakini jueni alikuwa anateseka kweli.

Siku ya usaili ikafika. Nguchiro akalikunjua lile jani la mgomba, akaligonga muhuri kwa mguu wenye matope, paa! Hiyo ikawa shahada. Kiboko akapanda mlima anahema, na wanyama wote wakamfuata nyuma wakashuhudie. Kule juu wakamkuta Daktari Mbuni, naye kaja kuomba kazi ile ile, aliyesoma nchi ya mbali. Alisomea nini, hakuna aliyejua, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

"Una elimu gani?" akauliza Mheshimiwa Tembo.

Kiboko akatoa jani. Tembo akalishika juu chini, akalisoma kwa makini, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Vizuri. Mali ya wenzako iko wapi?"

"Nimeitawanya, Mheshimiwa. Iko kwenye matawi."

"Wasimamizi ni akina nani?"

"Wateja wenyewe, kila mmoja kwake."

"Na inazaa?"

"Inazaa sana!"

Tembo akatazama bondeni. Kulikuwa kijani kitupu. Mtama wa Kanga ulikuwa umebeba masuke, kunde za Swala zimetambaa mpaka njiani. "Kweli inazaa," akasema. "Sasa wewe umebaki na nini?"

Kiboko akalitafuta somo la kujibia swali hilo. Hakuliona. Akageuka akatazama bondeni na yeye, na jambo likamwingia kichwani polepole, kama uji mzito unaopita kwenye chujio.

"Soko... soko limetikisika," akasema kwa sauti ndogo.

Wanyama wakaangua kicheko. Kiboko akapandwa na hasira, akatanua shingo, tai ikakatika, pwa! "Nashuka! Nayala matawi yote, mpaka mizizi!"

Tembo akanyoosha mguu mbele yake, kishindo, ndu! "Umetamka mwenyewe mbele yangu kwamba wasimamizi ni wao. Ukigusa hata shina moja, nitakukalia."

Kiboko akampima Tembo kwa macho. Akapima na lile kalio. Akashuka kimya kimya mpaka mtoni, akajitosa, chubwi! Yakabaki matundu ya pua tu.

"Nani alimfundisha huyu?" akauliza Tembo.

"Mimi, Mheshimiwa," akasema Nguchiro.

"Akili yako imenipendeza. Kazi chukua wewe. Shahada yako iko wapi?"

"Mimi sina. Mimi natoa tu."

"Aa, basi hufai. Sheria ni sheria."

Kazi akapewa Daktari Mbuni, kwa kuwa shingo yake ilipendeza mno kwenye tai. Nguchiro akateremka mlima na wenzake, kichwa chini. Ilimuuma, msidhani haikumuuma. Lakini jioni hiyo Kanga alimpelekea kikapu cha mtama mpya, vifaranga wote nyuma yake kwa mstari, na Nguchiro akajikuta anacheka.

Walipomaliza kuvuna, Daktari Mbuni akateremka bondeni. Tai shingoni, viatu vinalia, ko, ko, ko. Akawakusanya wanyama, akakohoa kidogo.

"Wateja wangu wapendwa," akasema, "mbegu zenu ziko wapi, niwawekezee?"

Wanyama wakatazamana. Kisha wote kwa pamoja, wakubwa kwa vifaranga, wakajibu:

"Tumekula!"

Hapo ndipo nilipowaacha, na mimi nikaondoka upesi kabla sijaombwa shahada.

— Na funzo je? Tupe funzo letu!

Funzo? Funzo ni kwamba elimu haina mbadala, wanangu. Someni kwa bidii, mfunge tai zenu vizuri, na mkimwona mwenye shingo ndefu anakuja, mpeni kila kitu bila kuuliza. Mwenye swali akamuulize Daktari. Mimi nina shamba la kupalilia.