Benchi Lisilo na Ndege

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Anayeona mahali pametulia asidhani pamelala. Huenda pananuia jambo.

Fundi sauti mmoja wa redio alikuwa na mama aliyesubiri kupasuliwa koo kesho yake. Daktari hakuwaficha: mama angepona, lakini sauti asingebaki nayo. Mwana alitaka kuinasa sauti hiyo iliyombembeleza utotoni, aitunze kama mboni ya jicho. Nyumbani majirani walikuwa wakigongelea mabati kutwa, kwa hiyo akampeleka mama kwenye bustani ya jiji.

Bustani ilipendeza kwelikweli. Nyasi zilikatwa vizuri, watu walijilaza vivulini, na ndege walijaa kila tawi wakipiga kelele. Kelele hizo ndizo zilizomkera fundi. Alizunguka na kinasa sauti mkononi na hedifoni masikioni mpaka akafika kwenye mti mkubwa nyuma ya bwawa, wenye benchi chini yake. Pale hapakulia hata nyenje.

"Hapa ndipo," alisema. "Kaa, mama."

Mama hakukaa. Alipitisha kiganja juu ya benchi, akakitazama. "Mti wote huu, na benchi halina hata tone la kinyesi cha ndege? Mwanangu, pananitisha hapa."

"Mama nawe. Ndege wasipokuwepo ndiyo heri yetu."

Mama akaketi ukingoni, kama mgeni asiyekaribishwa.

Kazi ya fundi ilikuwa na desturi yake: kabla mtu hajasema neno, hunaswa kwanza kimya cha mahali penyewe. Aliinua kidole, mama akatulia. Mwanzoni fundi hakusikia kitu. Kisha kitu kikaanza kutafuna, polepole, kwa mbali. Kikanyamaza, kikaendelea. Vinyweleo vikamsimama. Lakini fundi ni fundi, akalaumu waya. Akauchomoa, akachomeka mwingine. Sauti ikarudi, safari hii ikitokea nyuma ya mgongo wa mama.

"Unasikia nini?" mama aliuliza. "Mbona umesawijika?"

"Waya mbovu tu."

"Waya hautetemeshi mtu." Mama akainuka, akaondoka zake kuelekea kwenye kelele za ndege.

"Mama, rudi basi. Kesho hatuna tena nafasi."

Mama hakugeuka. Fundi alipandwa na hasira, na machozi yakamlenga. Akaacha kinasa sauti kwenye benchi, akamfuata. Alipomshika mkono tu, akaisikia ile sauti tena, na masikioni hakuwa na hedifoni. Hapakuwa na upepo. Mti ulilalia upande, ukaanguka, ukalisaga benchi. Ndani ya shina hamkuwa na mbao, mlikuwa na vumbi jeusi na mchwa.

Bustani nzima ilinyamaza. Katika ukimya huo mama alimwita mwanawe kwa jina la utani alilompa alipokuwa mchanga. Fundi akatoa simu mfukoni, akaanza kunasa huku mama akiendelea kusema. Ndege wakarudia kelele zao, na safari hii hazikumkera.

Sauti ya mama anayo mpaka leo, imejaa kelele za ndege mwanzo hadi mwisho. Wenzake humshauri azifute kelele hizo. Yeye hukataa, kwa kuwa ameshuhudia mwenyewe kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.