Jina Moja kwa Binti wa Minza

Hapo zamani, wala si zamani ile ya fisi kwenda kuposa, ni zamani hii ya jana ambayo vumbi lake halijatua, alikuwako daktari mmoja wa upasuaji, jina lake Milembe. Kazi yake ilikuwa kutoa figo kwa mzima na kumpandikizia mgonjwa. Na mikono yake, jamani! Alishona mishipa ya damu kwa uzi ambao mimi na wewe tusingeuona hata kwa miwani. Alishona polepole, tundu baada ya tundu, wanafunzi wamesimama nyuma yake wamebana pumzi. Akiambiwa aongeze mwendo alijibu, "Haraka haraka haina baraka." Nani angembishia? Mshono wake ulikuwa hauvuji hata tone.

Lakini lilikuwako jambo moja likimnyima raha. Figo alizopandikiza zilikuwa zinalala. Imeshonwa vizuri, damu inaingia, na bado mkojo hautoki. Nyingine huamka baada ya wiki, nyingine haziamki kabisa. Milembe akauliza vitabu, vikanyamaza. Akauliza wakubwa zake, wakamwambia ni bahati ya mgonjwa. Akasema, "Bahati haikai kwenye figo. Nitatafuta." Na kutafuta huko, ndugu zangu, ndiko kulikokula ujana wake. Wanawe wawili walilelewa na bibi yao, wakakua wakimwita Daktari kama watu wengine.

Sasa fungueni masikio, anaingia Mama Holo na binti yake, Holo. Figo za binti zimekufa zote mbili. Mama mtu akatoa yake moja, Milembe akaishona kwa mshono wake ule mzuri, wakangoja. Siku ya kwanza mfuko wa mkojo mkavu. Siku ya pili mkavu. Siku ya tatu Holo akacheka kitandani, "Daktari, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wangu mbona hashiki jembe?" Milembe akacheka naye, kisha akajifungia chooni akalia. Figo haikuamka. Homa ikaingia, na Holo akafa.

Milembe akamwendea mama mtu, akapiga magoti. "Mama, nina neno zito. Niruhusu niitoe figo ile niiangalie ndani. Nahisi jibu limo mle."

Ndugu wa marehemu wakawaka. "Hatuziki mtu pungufu sisi! Mtoto wetu ataingia kaburini na kila kitu chake!"

Mama Holo akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Figo ile alizaliwa nayo?"

"Hapana," wakasema.

"Ilitoka wapi?"

"Kwako," wakasema.

"Basi ni yangu. Nilimpa mwanangu aitumie, hakuwahi. Daktari, ichukue."

Mnaliona jambo hilo? Ndugu wakasusa maziko. Mpaka leo ziko nyumba katika ukoo ule hazimwamkii Mama Holo.

Milembe akaikata figo ile vipande vyembamba, akaviweka chini ya hadubini, akatazama mpaka macho yakamwasha. Akaona mirija yake midogo imenyauka, vile inavyonyauka ikikaa na joto bila damu. Joto? Joto la wapi? Figo ikishatolewa mwilini hulazwa kwenye barafu! Akarudi nyuma kwa mawazo, hatua kwa hatua, ndipo mwili ukamsisimka. Wakati wa kushona, figo haiko tena kwenye barafu. Imo kiganjani mwa mpasuaji, chini ya taa kali, inangoja damu. Na mpasuaji mwenyewe ni Milembe, yule asiye na haraka. "Ni mikono yangu," akasema. "Mikono yangu hii hii."

Mwingine angeacha kazi. Milembe alijifunga kibwebwe. Akahamia kwenye mabanda ya nguruwe wa utafiti. Akashona haraka, mishono ikavuja. Akashona huku akimwagia figo maji baridi, maji yakamfurikia asione sindano. Akaitia figo kwenye mfuko wa mpira, mfuko ukapasuka. Akaleta mfuko mwingine, ukabana mshipa. Hospitalini wakamwita Mama Nguruwe, na yeye akaitika! Miaka ikaenda, mvi zikaja. Mpaka siku moja akashona kijikoti chenye kuta mbili, barafu iliyosagwa katikati, na tundu moja mbele la kupitishia mishipa. Akaivalisha figo. Akashona polepole vilevile kama apendavyo. Akaivua koti, akafungua damu. Mkojo! Milembe akatoka mbio bandani akipiga vigelegele, mlinzi akadhani pameshika moto.

Lakini nguruwe si mtu. Na hapa ndipo wanapoingia Minza na Ng'washi, wake wa mume mmoja aitwaye Maduhu. Hawa walikuwa hawapikiani hata chai. Minza figo zimemfia, damu yake inasafishwa kwa mashine, na mimba haikai. Ndugu zake wa tumbo moja wakapimwa: mmoja hakufaa, mwingine alifaa, akazima simu. Wakati watu wanapiga simu ile isiyopokelewa, Ng'washi akaja kwa miguu yake. Ana watoto wanne nyumbani, wa mwisho hajaanza shule.

"Unampa mke mwenzio?" watu wakamshangaa.

"Akifa huyu nitagombana na nani?" akajibu. "Mume mwenyewe hajui kujibu."

Vipimo vikakubali. Lakini msidhani ni mzaha mtupu. Alipolazwa alitetemeka mpaka kitanda kikalia.

Milembe akawaeleza ukweli bila kuficha. "Koti hili halijavaliwa na figo ya mtu. Yenu itakuwa ya kwanza. Mnaweza kukataa, na sitakasirika." Minza akamtazama mke mwenzake, na Ng'washi akasema, "Livalishe."

Basi siku ikafika. Figo ikatoka kwa Ng'washi, ikalazwa barafuni, ikavalishwa koti. Milembe akashona. Tundu baada ya tundu. Jasho likamtiririka, nesi akamfuta. Akamaliza. "Vua koti," akasema. "Fungua damu." Figo iliyokuwa imepauka ikaanza kuiva rangi, ikajaa, ikawa nyekundu mbivu, na kabla hajatamka neno, mkojo ukaruka ukamlowesha kifua kizima! Mkojo, jamani! Daktari mzima amekojolewa, naye anapiga kelele, "Umekuja! Umekuja! Njooni muone, umekuja!" Nesi analia, daktari wa usingizi anapiga makofi, wanafunzi wanakumbatiana. Mimi mwenyewe hapa nywele zimenisimama.

Tangu hapo koti la barafu likavalishwa figo nyingi, na wengi wakarudi makwao wazima. Minza naye akanenepa, akashika mimba, mimba ikakaa, akajifungua binti. Na hapo ndipo ngoma ilipochachamaa.

Kwa akina Maduhu mtoto hupewa jina la mtu ambaye bila yeye asingezaliwa. Mtu huyo huwa somo wake. Humwita binti yangu maisha yake yote, na siku akifa, mtoto yule ndiye hutangulia kumtupia udongo. Jina ni moja, somo ni mmoja. Msiniambie apewe majina mawili au matatu. Hayo mtafanya kwenu.

Ng'ombe akachinjwa, watu wakakaa. Milembe alikuja na Mama Holo ndani ya gari lake mwenyewe, maana hakuacha kumtembelea tangu msiba ule.

Ng'washi akasimama kwanza. "Aitwe Ng'washi. Niliacha watoto wanne nikalala chini ya kisu, na kisu hakina undugu. Na tazameni: damu iliyomlisha mtoto huyu tumboni ilisafishwa na figo yangu, usiku na mchana. Nusu ya mimba hii nimeibeba mimi! Ujuzi wa Daktari bila nyama yangu ungebaki maneno."

Maduhu akasema, "Daktari, nawe sema lako."

Milembe alikuwa amejiambia njiani kwamba atanyamaza. Lakini alimtazama mtoto, akaona anashindwa. Alilitaka jina lile, alilitaka kama mwenye kiu anavyotaka maji. "Sitawadanganya," akasema. "Walikuwako watu wa kutoa figo kabla yangu, na zilikuwa zinakufa. Mimi ndiye niliyekaa na nguruwe mpaka nikazeeka. Kesho atakuja mwingine na koti bora kuliko langu, na langu litatupwa. Wanangu wananiita Daktari. Ndiyo, ningependa aitwe Milembe."

Watu wakapiga makofi. Mama Holo akangoja yaishe, kisha akasema bila kuinua sauti. "Milembe mwanangu, kazi umeifanya, mimi shahidi. Lakini ulijua wapi kwamba mikono yako ina joto? Ulijulia kwa Holo. Ng'washi, wewe ulitoa figo ukarudi kwa watoto wako wanne. Mimi nilitoa yangu nikarudi na jeneza, na bado nikasema ichukueni mkaitazame. Huyu aliyezaliwa anapumua kwa sababu wangu hapumui. Sitaki jina liwe langu. Aitwe Holo. Nataka kusikia mtu analiita jina hilo, na mtu anaitika."

Hapo hakuna aliyepiga makofi. Ng'washi akainama, lakini hakuketi.

Wazee wa ukoo wakatazamana, wakashindwa. Ndipo Minza akainuka na mtoto, akapita mbele ya mke mwenzake, akapita mbele ya Mama Holo, akamlaza mtoto mapajani mwa Milembe. "Daktari, mimi nilikuwa usingizini. Wewe ndiye uliyeona yote, mwanzo mpaka mwisho. Taja jina, nasi tutaliita."

Milembe akamwinua yule binti. Ng'washi anamtazama, mkono umeshika kovu ubavuni. Mama Holo anamtazama, mikono mitupu magotini. Na moyo wa Milembe mwenyewe unampigia kelele. Nyumba nzima inangoja kinywa kimoja kifunguke.

Haya, nyie mnaonisikiliza, mwana huyo sasa namlaza mapajani mwenu. Nani alistahili kuwa somo wake: aliyetoa figo ikafanya kazi, aliyetafuta mpaka akapata, au aliyekufa ndipo wengine wakajua?