Pigo la Kinu cha Mutarrif

Imepokewa kutoka kwa wema waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika bonde moja la Hadhramaut palikuwa na mji wa watu wacha Mungu, wenye misikiti iliyojaa na majirani wasiogombana. Naanza kwa kuusifu makusudi, kwa sababu haya ninayoyasimulia hayakutendwa na watu waovu. Yangetendwa na waovu tungeyasikiliza tumestarehe, tukisema hayatuhusu.

Mji ule ulikuwa na ada yake ya Idd. Watu wakishaswali, kila mwenye nyumba hurudi kwake, akaketi karibu na mlango na kinu chake cha shaba, akatwanga kahawa. Kutwanga huko ndiko kulikokuwa kukaribisha. Hapakuwa na kualikana kwa mdomo; ukisikia kinu cha fulani, umejua kahawa yake iko tayari na mlango wake uko wazi. Na kila mwanamume alikuwa na pigo lake, hata mgonjwa aliyelala chumbani aliweza kusema, "Huyo ni Sayyar, ana haraka zake zilezile." Wanawake hawakutwanga siku za Idd. Kwa hiyo nyumba iliyofiwa na mume ilibaki kimya, na watu waliipita bila kuingia, wakihesabu kwamba kuipita huko ni heshima kwa wafiwa.

Nje ya mji, upande wa pili wa makaburi, alikaa mtengeneza ngozi aitwaye Mutarrif pamoja na mkewe Hamdana. Walikaa mbali kwa ajili ya harufu ya mapipa ya ngozi, na Mola hakuwajaalia mtoto. Mutarrif aliwahi kuanguka kutoka juu ya ngamia akavunjika bega, likaunga vibaya, likawa limeinama upande mmoja. Kwa sababu hiyo pigo lake halikufanana na la mtu yeyote. Alipiga mawili ya nguvu, moja jepesi kwenye ukingo wa kinu, kisha akanyamaza kidogo, kwa kuwa alilazimika kulishusha lile bega kabla ya kuanza tena. Watu walimtania kwamba kinu chake kina kwikwi.

Mutarrif akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hamdana akakaa eda mpaka ikaisha, na mwezi wa Shaabani ndugu zake wakaja na msafara kumchukua wampeleke kwao. Watu wa mji waliuona msafara ukiondoka, na wapo waliosema wamemwona mwanamke mwenye shela juu ya ngamia wa mwisho. Hakuna aliyekwenda kuuliza. Wakasema alhamdulillahi, amekwenda kwa watu wake, na roho zao zikatulia.

Ukaja mwezi wa Ramadhani ukapita, ikaja Idd. Watu waliswali, wakarudi, vinu vikaanza kulia mji mzima. Kisha, vilipotulia na watu wakawa wanakunywa, ikasikika sauti kutoka upande wa makaburini. Mapigo mawili ya nguvu, moja jepesi ukingoni, kimya. Mawili, moja, kimya.

Mazungumzo yalikatika kila baraza. Watu walitazamana, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitaja jina, ingawa wote walikuwa nalo mdomoni. Jua lilikuwa kali, anga ni nyeupe, na sauti ile iliendelea bila haraka. Kina mama wakawaita watoto ndani, milango ikafungwa, na Idd ya siku ile ikaishia hapo.

Siku ya pili ikawa vilevile. Mmoja akasema ni jini lililouvaa mkono wa marehemu. Mwingine akasema kwa sauti ya chini kwamba Mutarrif anawakaribisha, na atakayeinywa kahawa yake hatarudi. Siku ya tatu Sayyar bin Hujr, aliyekuwa mkuu wa mji, akaamuru udongo ukandwe na matofali yabebwe, ili baada ya adhuhuri mlango na madirisha ya nyumba ile yazibwe, isomwe dua, na mambo yaachiwe Mwenye nayo. Sayyar hakuwa mjinga wala katili. Alikuwa mtu mwenye hofu aliyekabidhiwa mji.

Basi palikuwa na bibi mmoja, akiitwa Bi Lubaba, mjane wa miaka mingi, mwenye kufunga na kuswali, na sifa yake kubwa ilikuwa ulimi wake. Hakusema uongo hata wa kumbembelezea mtoto. Siku ya kwanza ya Idd alikuwa njiani kwenda kuzuru makaburi aliposikia kile kinu, akageuka akarudi nyumbani karibu mbio. Tangu hapo kila aliposujudu alikuwa akikisikia kile kimya cha baina ya mapigo, akaona haya mbele ya Mola wake. Alipopata habari ya udongo alimfuata Sayyar.

"Sayyar, mwanangu, nani ameingia ndani ya nyumba ile akaona kilichomo?"

"Hakuna, bibi. Nani ataingia?"

"Basi mnaziba msichokijua."

Sayyar akainama. "Na kama ni yeye?"

Bi Lubaba alifikiri, kwa kuwa hakupenda kujibu kabla ya kuwa na jibu. "Kama ni maiti, ana haja ya dua. Kama ni mtu aliye hai, haja yake ni kubwa kuliko hiyo. Niache niende, nanyi mje udongo ukiwa tayari."

"Huogopi, bibi?"

"Naogopa sana," akasema, huku akijifunga shuka yake.

Akashika njia ya makaburini. Hapakuwa na mtu wala ndege. Kinu kilikuwa kikilia mbele yake, mawili, moja, kimya, na kila alipokaribia ndivyo alivyokuwa na hakika zaidi kwamba ni mkono wa Mutarrif, bega na yote. Uani mwa nyumba ngozi za marehemu zilikuwa bado zimewambwa kwenye fremu zake, zimekauka zikawa ngumu, na upepo ulipopita ziligongana polepole. Akakanyaga uani. Kinu kikapiga mawili ya nguvu, na lile la tatu halikuja.

Alisimama akilingoja. Ninavyodhani, kulingoja pigo lile kulimtisha kuliko kulisikia.

"Assalamu alaykum, enyi watu wa nyumba hii."

Hakujibiwa. Mlango ulikuwa umerudishwa nusu, akausukuma. Alitarajia vumbi na popo, na badala yake alipokewa na harufu ya kahawa iliyokaangwa sasa hivi. Mkeka ulikuwa umetandikwa. Vikombe vilikuwa vimepangwa kuuzunguka, kila kimoja kimejaa kahawa iliyopoa, na mbele ya kila kikombe tende zimewekwa. Na kwenye kichwa cha mkeka, pembeni ya kinu, alikuwa ameketi mtu aliyejifunika joho jeusi la Mutarrif kuanzia kichwani. Aliupa mlango mgongo. Bega lake moja lilikuwa limeinama.

Bi Lubaba mwenyewe alisimulia baadaye kwamba miguu yake ilitaka kurudi, na kwamba si yeye aliyeizuia bali Aliyeiumba. Akatoa salamu mara ya pili, kwa sauti ndogo.

"Waalaykumu salamu," likajibu lile joho, kwa sauti iliyokwaruza kwa kukaa muda mrefu bila kutumika. "Umechelewa. Lakini umekuja."

Kisha likageuka, na joho likaanguka. Alikuwa Hamdana, mke wa Mutarrif, amekonda hata macho yamekuwa makubwa, mchi wa kinu bado mkononi.

Bi Lubaba akaketi palepale alipokuwa. "Binti yangu, tulijua umekwenda kwenu."

"Ndugu zangu walikuja, nikakataa. Nani angebaki na kaburi lake? Nikasema nitakaa mpaka jirani mmoja aje. Nimefuturu peke yangu Ramadhani yote, mama, kwa tende na maziwa ya mbuzi. Ilipokuja Idd nikaona nyumba hii haina mkono wa kutwanga. Mimi sina pigo langu, najua lake tu. Nikavaa joho lake, nikalishusha bega, nikatwanga. Nikamwambia Mola wangu, nitakaribisha watu siku zote za Idd. Asipoingia mtu, nitajua kwamba mimi na Mutarrif tumefutwa duniani, nitafunga mlango, na sitamwomba Yeye kitu tena."

Akauinua uso. "Niambie basi. Mji ndio uliokutuma uje kunipa mkono wa Idd?"

Hapa, ndugu zangu, ndipo palipokuwa na mtihani. Mimi ningesema ndiyo. Ningesema mji mzima unakusalimu, na wewe msomaji ungesema hivyohivyo, tukauita uongo huo huruma. Mwanamke mwenye njaa na majonzi, imani yake imening'inia kwenye jibu moja, nani atamwambia kweli? Bi Lubaba hakusema hivyo.

"Hawakunituma," akasema. "Wanakanda udongo waje kuuziba mlango huu. Hawajui kwamba umo."

Hamdana hakutikisika. "Hawakusikia kinu?"

"Walisikia tangu siku ya kwanza."

"Na hawakuja."

"Walikimbia. Walidhani ni Mutarrif amerudi. Na mimi nilikimbia, binti yangu. Nilikuwa njiani kuja makaburini, nikakupa mgongo."

Ngozi ziligongana uani. Hamdana alikuwa akimtazama, na Bi Lubaba akaanza kuhofu kwamba ameua kwa ulimi wake kile alichokuja kukiokoa. Kisha Hamdana akauliza, taratibu, "Walijuaje kwamba ni Mutarrif?"

"Nani asiyelijua pigo la Mutarrif? Mawili, moja la ukingoni, kisha bega linashuka. Hata watoto walilijua. Mji mzima ulisema ni yeye kabla jina lake halijatajwa."

"Hakuna aliyelisahau?"

"Hata mmoja."

Hamdana akaweka mchi chini. "Nilidhani nimebaki peke yangu ninayelijua," akasema, na hapo akalia kilio ambacho hakukilia siku ya maziko. Bi Lubaba hakumwambia asubiri, wala hakumwambia kwamba si vema kulia siku ya Idd. Alichukua kikombe kilichokuwa mbele yake, akanywa ile kahawa baridi mpaka machicha, akachukua cha pili.

Nje kukasikika miguu ya watu wengi, na sauti ya Sayyar ikiita, "Bi Lubaba, uko hai?"

"Twanga," Bi Lubaba akamwambia Hamdana. "Katwangie mlangoni, wakuone."

Wale waliokuja na matofali wakakisikia kinu, mawili, moja, kimya, na nusu yao wakarudi nyuma. Kisha mlango ukafunguka wote, wakaona mwanamke ameketi kizingitini juani, joho la mumewe mapajani, mchi mkononi, na uso umelowa machozi. Mmoja aliangusha karai la udongo miguuni pake.

"Kahawa ya nyumba hii iko tayari tangu juzi," Hamdana akasema. "Karibuni. Lakini naweni mikono kwanza."

Akachukua birika akawamiminia maji yeye mwenyewe, mmoja baada ya mmoja, na udongo waliokuwa wameuleta wa kumzibia ukashuka kutoka vidoleni mwao. Sayyar alikuwa wa mwisho, na hakuweza kumtazama. Waliingia, wakaketi, wakanywa wakiwa wameinama. Mwishowe Sayyar akakohoa, akasema kwamba Mutarrif aliwahi kumshonea viatu, kimoja kikubwa kuliko mwenziwe, na alipokwenda kulalamika Mutarrif alimpima akamwapia kwamba kosa ni la mguu. Hamdana akacheka, na kicheko kilimshangaza yeye mwenyewe. Mwingine akaleta kisa chake, na mwingine chake, mpaka alasiri ikaadhiniwa.

Udongo ule haukupotea. Waliujengea baraza mbele ya mlango wa Hamdana, ili wanaokuja wapate pa kukaa. Na inasemekana tangu mwaka ule hakuna kinu kilichotwangwa siku ya Idd katika mji ule mpaka kitangulie cha nyumba iliyozika, akitwanga mwanamume au mwanamke. Bi Lubaba alipozeeka aliulizwa kama bado anaiogopa sauti ile. Akasema, "Siku hizi naogopa nyumba zisizosikika."

Nimekisimulia kisa hiki leo, mwezi wa Disemba, jirani zetu Wakristo wakiwa wanapaka rangi nyumba na kununua nguo za watoto, kwa sababu mmoja wao, Mama Apolinari, aliniambia juzi akiwa anaanika nguo kwamba anatamani Krismasi ipite akiwa amelala. Alimzika mwanawe mwezi wa saba. Kama wewe pia sikukuu hukujia hivyo, iwe Idd au Krismasi, jua kwamba kulia kwako hakuharibu furaha ya mtu, na Mola wako hakukasirikii. Na sisi tunaopita mlangoni pako kimya kimya, tukijiita wenye adabu, mara nyingi ni waoga tu. Utusamehe, na ukipata nguvu utwange.

Mwanawe aliitwa Severini. Alikuwa akipiga mluzi kila alipofungua geti jioni, na mtaa mzima tunaujua mluzi ule. Siku ya Krismasi, inshallah, nitakwenda kwa mama yake, na nitaanzia kwenye mluzi ule.