Chumba cha Mkono wa Bi Tusekile

"Nani amekurudishia mkono?" mganga mfawidhi alimuuliza Bi Tusekile mbele ya wafanyakazi wote. Hospitali ilikuwa na chumba kimoja kitupu, na ambaye angetajwa ndiye angeamua kitumikeje. Kabla Bi Tusekile, fundi cherehani, hajajibu, macho yote ukumbini yakamgeukia daktari aliyempasua.

Waliomhudumia walikuwa watatu. Daktari Mwaifwani alijaliwa wepesi wa mikono. Subilaga alijaliwa jicho la kuona mtu anakwama wapi. Ambakisye, mume wa Bi Tusekile, alijaliwa subira.

Panga lilipomkata Bi Tusekile kiganja, daktari alisimama kwa saa tano akiunga kano za vidole, moja baada ya nyingine. Bila yeye, vidole visingejikunja tena. Chumba alikitaka kiwe wodi, maana wagonjwa wake wanalala wawili kitanda kimoja.

Subilaga ni mtaalamu wa tiba kazi. Alimtengenezea gango la kushikilia vidole, akampangia lini akunje kidole na kwa kiasi gani, kisha akamfundisha upya kushika sindano, kuokota vifungo, kuzungusha gurudumu la cherehani. Bila yeye, vidole vingekakamaa. Yote hayo aliyafanya koridoni, nyuma ya kabati la mashuka, watu wakipita na kumwita "dada wa michezo". Hata baba yake mdogo humuuliza, "Bado unachezea vifungo? Kazi utaanza lini?" Barua ya kuacha kazi ameshaiandika. Akikosa chumba cha kutibia, anaipeleka.

Nyumbani, Ambakisye alisimamia mazoezi kila siku kwa miezi minne, na akakataa kumvalisha mkewe.

"Shemeji," dada wa mkewe alimsuta, "mwenzio anahangaika na blauzi, wewe umekaa tu?"

"Nimeambiwa na Subilaga nikae. Ungejua kukaa huku kulivyo kugumu, ungenipikia chai."

Bila yeye, mkono ungezoea kuhudumiwa. Yeye alitaka chumba kiwe cha wanaouguza, wanaonyeshewa mvua uani.

Yale macho yaliyomkimbilia daktari kabla mtu hajafikiri yananikera mpaka leo. Lakini kukereka kwangu si hukumu. Kano nazo ziliungwa kweli.

Je, wewe ungeamua vipi? Usiniambie wagawane, chumba ni kimoja. Naomba unitajie jina moja, kisha uwageukie wale wawili uwaeleze kwa nini wamekosa.