Mwalimu Chatu na Kambi ya Darasa la Nne

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na shule!

Shule ina nini?

Ina kengele!

Kengele inasemaje?

Nge-nge-nge!

Mbona wewe wa kule nyuma hukuitikia? Nimekuona. Asiyeitikia hadithi ana jambo lake moyoni, na huyo nitamwangalia mpaka mwisho. Haya, sogeeni.

Zamani, wanyama walipokuwa wakipeleka watoto shule, palikuwa na shule moja kando ya vichuguu. Darasa la kwanza alifundisha Bi Bata. La pili alifundisha Bi Bata. La tatu, Bi Bata yuleyule, maana walimu walikuwa haba. Darasa la nne alifundisha Chatu. Nani alimwajiri Chatu? Sijui. Nimeuliza sana, na kila ninayemuuliza hutazama pembeni.

Huyo Chatu alikuwa mrefu kupita ubao. Akilikumbatia dawati, dawati linavunjika, kwacha! Na alikuwa mlafi, tena mlafi wa kutia aibu. Lakini alikuwa na sauti laini, na wazazi hupenda mwalimu mwenye sauti laini. Mtaniuliza, kwa nini hakufundisha darasa la kwanza? Wa darasa la kwanza wana kamasi, na wanalia ovyo. Wa darasa la nne wamenona kidogo na wanatii.

Siku moja kengele ikalia, nge-nge-nge. Kikao cha wazazi! Wakaja wote, wakajibana kwenye madawati ya watoto wao, magoti yakigusa videvu. Chatu akajiviringisha mezani, akasema kwa sauti yake laini:

"Ssss. Wazazi wangu, huu ni mwaka wa mtihani. Watoto wenu watabadilika. Mtoto wa darasa la nne huwa kimya. Msishtuke, ndivyo darasa la nne lilivyo."

"Ndivyo lilivyo!" wakaitikia wazazi.

"Mtoto wa darasa la nne haombi chakula. Msishtuke, ndivyo darasa la nne lilivyo."

"Ndivyo lilivyo!"

"Mtoto wa darasa la nne haonekani uwanjani, haonekani kisimani, haonekani nyumbani. Msishtuke."

"Ndivyo lilivyo!"

Mnamtegemea Sungura, siyo? Mnasema, Sungura mjanja, Sungura atauliza. Sungura alikuwa dawati la mbele akipiga makofi, pa-pa-pa, kwa sababu mwanawe huwa wa kwanza darasani na alitaka mwalimu amwone anavyopiga makofi.

Nyuma kabisa alikaa Bi Pimbi. Pimbi mnamjua, kale kanyama ka mawe, kasiko na mkia. Mume hana. Mtoto anaye mmoja tu, jina lake Mashaka, na baada ya Mashaka hana mwingine duniani. Basi Bi Pimbi alishuku kila kitu. Ukimwambia "za asubuhi," anatoka kwanza nje kutazama kama kweli ni asubuhi.

Bi Pimbi akanyoosha mkono. "Samahani, Mwalimu. Mtoto akiwa kimya, hali, hachezi, haonekani, huyo anasoma au amekufa?"

Darasa zima likaguna, mmmh! "Mama Mashaka naye!" akasema Bi Kanga. "Utatutia aibu mbele ya mwalimu."

Chatu akatabasamu. "Swali zuri, mzazi. Ndiyo maana tumeandaa kambi. Darasa la nne wote watalala hapa shuleni mpaka mtihani upite. Kila mtoto aje ameoga, amepakwa mafuta kuanzia utosini mpaka kwatoni. Asije na viatu, asije na begi."

"Mafuta ya nini, Mwalimu?" akauliza tena Bi Pimbi.

"Ngozi ikilainika, akili nayo hulainika."

"Aaaa!" wakasema wazazi wote, na Sungura akaongeza kwamba hata yeye alikuwa karibu kusema hivyo hivyo.

Jumatatu ikafika. Wazazi wakaleta watoto wanang'aa, wakawaacha mlangoni, wakarudi. Akaja mtoto wa Digidigi, anang'aa. Chatu akamwambia, "Ingia darasani, mwanangu." Gubu! Akaja mtoto wa Kanga, anang'aa. "Ingia darasani, mwanangu." Gubu! Akaja mtoto wa Ngedere. "Ingia." Gubu! Akaja mtoto wa Sungura, wa kwanza darasani, siku hiyo alichelewa kwa sababu baba yake alimpaka mafuta mara mbili. Gubu!

Mashaka hakuja. Bi Pimbi alipeleka habari kwamba mtoto ana matubwitubwi, mashavu yamevimba, hawezi hata kumeza uji. Hakuwa na matubwitubwi wala nini. Alikuwa amefichwa nyuma ya jiwe, analia kwamba wenzake wote wako kambini na yeye tu ndiye mama yake mshamba.

Siku zikapita. Bi Kanga akakutana na Bi Pimbi kisimani.

"Mama Mashaka, mlete mtoto! Kambi nzuri, kimya hicho! Jana nilimpelekea wangu boga. Nikapiga hodi mlangoni. Weee! Nikasikia ndani kishindo, tikisi-tikisi. Mwalimu akatoka anakohoa, tumbo linacheza, upande huu, upande huu. Masikini, ana gesi. Akaniambia tangu leo ni marufuku kupiga hodi darasa la nne, eti hodi inakata masomo."

"Marufuku kupiga hodi?"

"Ndivyo darasa la nne lilivyo, shoga."

"Na mtoto ulimwona?"

Bi Kanga akainama kuchota maji. "Boga alilipokea mwalimu," akasema, akajitwika mtungi, akaenda zake.

Bi Pimbi akarudi nyumbani na mtungi mtupu. Hodi! Hata kwa mchawi watu hupiga hodi. Hata kwa mtu mliyegombana naye jana. Mahali ambapo hodi haitakiwi, kuna kitu hakitaki kuitikia, au kuna kitu kitaitikia na mwenye nyumba hataki kisikike.

Akatoka taratibu, nyata-nyata, akapanda dirisha la darasa la nne. Akachungulia. Madawati matupu. Ubao hauna hata alama ya chaki. Chatu amelala sakafuni toka ukuta hadi ukuta, mwili mzima una nundu-nundu kama gunia la viazi. Bi Pimbi akatega sikio. Kutoka ndani, mbali, chini ya ngozi, akasikia visauti:

"Tatu mara nne, kumi na mbili. Tatu mara tano, kumi na tano..."

Jamani! Wako hai, tena wanasoma! Bi Pimbi akataka kupiga yowe, akaliziba kwa kiganja chake mwenyewe. Akipiga yowe, Chatu ataingia msituni nao. Wazazi wenzake akiwaambia, watasema Mama Mashaka naye.

Akakaa pale dirishani akiwawazia wale watoto. Tangu darasa la kwanza Bi Bata amewafundisha jambo moja, asubuhi na mchana, mpaka limeingia kwenye mifupa. Mtoto wa shule anaweza kusahau jina la mto. Anaweza kusahau jibu, daftari, hata kaptula yake. Lakini mgeni akibisha darasani, atasimama, na hataketi mpaka aambiwe aketi. Sasa Bi Pimbi akajua kilichotikisika tumboni siku ya boga.

Tatizo ni moja. Chatu alikuwa amekwisha kuzoea, anafunga mdomo kii, na sauti ya nje haimfikii aliye ndani. Huo mdomo lazima ufunguke, ufunguke hasa. Na Chatu hufungua mdomo kwa sababu moja tu.

Bi Pimbi akashuka, akaenda nyumbani, akamtoa Mashaka nyuma ya jiwe. Akamuogesha, akampaka mafuta, akambeba mgongoni, akamfunga ubeleko kwa kanga mbili na fundo la tatu juu yake.

"Mama, mimi wa darasa la nne!" akalia Mashaka. "Watanicheka!"

"Wakucheke tu," akasema Bi Pimbi. Moyo ulikuwa unampiga du-du-du, na alikuwa anajichukia kwa kumtoa mwanawe nje.

Wakafika. Chatu alipoona manyoya yanang'aa, mate yakamtoka.

"Ssss! Mama Mashaka! Hatimaye! Matubwitubwi yamepona?"

"Shikamoo, Mwalimu. Yamepona kidogo. Lakini huyu mtoto mwoga, amefanana na mimi. Anasema haingii mpaka aone darasa."

"Darasa si hili hapa."

"Hili halina watu, Mwalimu. Anataka lile lenye wenzake."

Chatu akamtazama. Bi Pimbi akamtazama. Hakuna aliyemwamini mwenzake hata kidogo.

"Mfungue ubeleko," akasema Chatu.

"Fungua mlango kwanza."

"Mfungue kwanza."

"Basi turudi nyumbani, Mashaka, Mwalimu ameshiba." Akageuka, na Mashaka mgongoni akageuka pia, mnene, laini, anang'aa juani.

Ulafi haukubali kuona kitu kizuri kikiondoka. "Ngoja, mzazi, ngoja!" Chatu akasogea, akafungua mdomo, waaa, ukawa mpana kama mlango wa ghala. "Tazama, mwanangu. Ingia."

Bi Pimbi akasogea mpaka kwenye ulimi. Akasikia harufu ya mafuta ya watoto wa watu. Akavuta pumzi, akapaza sauti yote aliyopewa na Mungu:

"HODI DARASANI!"

Kwaru-kwaru-kwaru! Tumboni darasa zima likasimama. Kwa pamoja, kama walivyofundishwa:

"KA-RI-BU! SHI-KA-MOO MGE-NI!"

Twaa! Chatu akanyooka kama mlingoti wa bendera. Kichwa kikagonga kenchi ya paa, ngo! Mdomo ukakwama wazi, sauti ikatokea kooni tu. "Waambie wakae!" akalia. "Waambie wakae!"

"Nani wakae?" akauliza Bi Pimbi. "Mimi naona darasa tupu. Marahaba, watoto! Hamjambo?"

"HA-TU-JAM-BO!"

"Nani ataniambia tatu mara sita?"

"Mimi, Mwalimu! Mimi! Mimi, Mwalimu!" Mikono ikanyooshwa, vidole vikapigwa, ta-ta-ta. Huku kidole, kule kiwiko, huku bawa la mtoto wa Kanga. Chatu akaanguka chini, akawa anajikunja huku, wanamnyoosha kule, machozi yanamtoka.

"Vizuri sana," akasema Bi Pimbi. "Sasa mapumziko. Uji tayari!"

Hapo ndipo ungewaona! Tumbo likageuka mbio. Wakatoka mdomoni, pu! pu! pu! wakiteleza kwa yale mafuta waliyopakwa, mtoto wa Ngedere juu ya mtoto wa Digidigi. Wa mwisho alitoka mwana wa Sungura, bado ameinua kidole chake juu.

"Kumi na nane," akasema. "Uji uko wapi?"

Chatu akabaki sakafuni, bapa kama mkanda, hana hata nguvu ya kusema ssss. Akajiburuta mpaka dirishani, akadondoka nje, puu, akaenda zake. Alikokwenda sikujui. Wengine wanasema alipata kazi shule nyingine.

Kelele zikaita wazazi. Wakaja mbio, wakawakuta watoto wao wametapakaa mate, wamekonda, wanalia njaa. Digidigi akambeba mwanawe akawa anamlamba. Sungura ndiye aliyeanza. Akamgeukia Bi Pimbi, masikio yamesimama.

"Mama Mashaka! Kumbe ulijua! Ulijua, ukanyamaza!"

"Mimi niliuliza kikaoni," akasema Bi Pimbi. "Ninyi mkaguna."

Masikio ya Sungura yakalala. Ndipo Bi Kanga, aliyekuwa amekumbatia kifaranga chake chini ya bawa, akaanza kulia, kilio kibaya cha mtu mzima.

"Mimi niliona," akasema. "Siku ile ya boga niliona tumbo lake. Niliona mfupa wa bawa unasukuma ngozi, na bawa la mwanangu nalijua. Nikasema nikiuliza, mwalimu atamchukia mtoto."

Kila mzazi alikuwa anatazama chini, maana kila mmoja alikuwa amekwisha kupita siku moja nje ya lile dirisha.

Hadithi ina fundisho, na fundisho lake ni hili. Mwenye mtoto wa darasa la nne, tulia nyumbani. Mwalimu haulizwi. Ukiambiwa paka mafuta, paka. Ukiambiwa usipige hodi, usipige. Ukiona nundu, sema ni gesi. Mtoto wako atapendwa sana na mwalimu, na mtamwona matokeo yakitoka.

Mimi nimeitema hadithi, aliyeimeza aimeze. Na wewe wa kule nyuma, ambaye hukuitikia tangu mwanzo, sasa hebu tuambie: unafundisha darasa la ngapi?