Nyuzi za Kabati la Mwalimu Mwachofi

Hapo zamani, na si ile zamani ya wanyama kusema, ni zamani ya juzijuzi tu, redio zilikwisha kuanza kutusumbua, palikuwa na mji mdogo milimani, mji wa baridi na ukungu, na katika mji huo palikuwa na kabati la vitabu. Kabati moja tu. Lilikuwa la Mwalimu Mwachofi. Lilikaa sebuleni kwake, refu kuliko yeye, na milango yake ililia kila ilipofunguliwa, hata mkewe, Mama Wakesho, akiwa jikoni alijua kwamba mtu amekuja kuazima.

Mji ule ulikuwa na desturi yake. Mwaka ulipoanza, kila msomaji alisimama mbele ya wenzake akataja nadhiri: mwaka huu nitasoma hiki, nitasoma kiasi hiki. Kisha akafunga uzi kwenye mpini wa kabati, kila mtu na uzi wake. Mwaka ulipokwisha walirudi. Aliyetimiza aliufungua uzi wake kwa mkono wake mwenyewe, watu wakampigia vigelegele. Ambaye hakutimiza hakuruhusiwa kuugusa. Uzi wake ulingoja mpaka mwenzake asimame na kusema, "Mimi namfungulia, na sababu yangu ni hii." Asipopata wa kumfungulia, ulining'inia pale mwaka wa pili, kila mgeni akauona. Msicheke. Kuna watu wazima, wenye wajukuu, waliopita njia ya nyuma kwa sababu ya uzi.

Basi Mwalimu akaugua. Siku alipoona hali yake si ya kupona, akamwita mkewe akamwambia, "Kabati lisigawanywe, wala lisiuzwe. Mpe msomaji."

Mama Wakesho akauliza, "Msomaji yupi, mume wangu? Mji mzima unasoma."

Mwalimu akasema, "Mwaka utakuonyesha." Akafumba macho, akaenda zake.

"Mwanaume huyu," Mama Wakesho alikuwa akiwaambia jirani baadaye, huku akijifuta machozi, "hata kufa kwake ameniachia kazi."

Nyuzi za mwaka ule zikafungwa bila Mwalimu. Zilikuwa nyingi, lakini sisi tuna shida na tatu tu. Maghanga, fundi wa kushona nguo, alifunga uzi wa buluu akasema, "Kila Jumapili kitabu kipya, mpaka nilimalize kabati lote." Watu wakaguna. Mkamburi, muuza maharage, alifunga uzi mwekundu akasema, "Kila mwezi ukiandama, kitabu kimoja." Na Mwadime, mwenye kinu cha kusaga posho, alifunga kipande cha uzi wa magunia, maana hakuwa na mwingine, akasema, "Mimi hata vitano nikivimaliza, mnishukuru."

Tuanze na huyu Mwadime. Kinu chake kilikuwa kizee na chenye maringo. Kilisaga kidogo, kikachemka, kikataka kupumzika, na watu wakakaa kwenye foleni na mahindi yao wakipiga miayo. Siku moja kinu kikiwa kimepumzika, Mwadime akatoa kitabu alichoazima, akaanza kuwasomea. Kilikuwa kisa cha ndugu wawili, mkubwa na mdogo, waliogombana kwa ajili ya ua wa shamba. Mdogo akaondoka bila kuaga, na mkubwa akaapa kwamba hatamwita.

Watu walikipenda kitabu kile jamani! Kinu kilipopoa wakasema, "Ngoja kwanza, Mwadime, maliza sura." Wengine walianza kuleta mahindi kibaba kibaba ili kesho wapate sababu ya kurudi. Hata Mama Wakesho alikuja, na nyumbani debe lake la unga lilikuwa limejaa. Kusoma alijua, tena vizuri. Lakini miaka yote ya ndoa yake vitabu alivisikia kwa sauti ya mumewe, yeye akichambua mchele, mume akisoma. Tangu msiba, nyumba ilikuwa imenyamaza. Kwenye foleni ya kinu ndipo alipokisikia kitabu tena, na hakuona aibu kukaa mbele kabisa.

Siku ya kusoma mwisho ikafika. Mwadime akafunua, akafunua, akakwama. Ukungu wa milimani ulikuwa umeingia kabatini, na kurasa za mwisho zilikuwa zimegandana. Akivuta, zitachanika. Akainua macho. Foleni nzima imetulia, na Mama Wakesho mbele, mikono mapajani, anangoja.

Mwadime akaendelea "kusoma". Akasema ndugu mdogo alirudi siku ya mvua. Akasema hata kabla hajabisha, mkubwa alikwisha kuufungua mlango, kwa kuwa hatua zake alikuwa hajazisahau. Akasema walikula sahani moja. Watu wakapiga makofi, wengine wakalia. Mama Wakesho alirudi nyumbani akapika, akala akashiba, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi. Alipokuwa akiosha sufuria alikuwa akijisemea, "Alimfungulia hata kabla hajabisha."

Mwadime akakirudisha kitabu. Kurasa zilikuwa bado zimegandana.

Jumapili iliyofuata kikaangukia kwa Maghanga. Huyu naye, tumpe haki yake. Bao aliacha. Stori za barazani aliacha. Hata kwenye foleni ya kinu alikuwa akisoma chake, vidole masikioni, hivyo sauti ya Mwadime hakuisikia. Alipozikuta kurasa zimegandana hakurudisha kitabu. Alichemsha birika, akaushika ukurasa kwenye mvuke, akapenyeza sindano yake nyembamba, akautenga, akauanika. Kisha mwingine. Kisha mwingine. Hakuchana hata mmoja. Akausoma mwisho. Ndugu mdogo alirudi kweli, lakini alikuta mlango umepigiliwa misumari na nyasi zimefika magotini uani. Jirani akamwambia, "Alikungoja. Kila jioni alikuwa akikaa hapa." Maghanga akashusha pumzi, akafunga kitabu. Jumapili nyingine ilikuwa mlangoni na kitabu kingine kilikuwa kinamngoja. Hakumwambia mtu.

Ndipo kitabu kikachukuliwa na Mkamburi. Alikitaka kwa sababu ya ule mwisho wa kinuni. Alitaka kuusoma peke yake, taratibu. Alipofika kwenye misumari na nyasi alidhani amekosea. Akaanza upya. Mlango bado una misumari. Akaanza upya tena.

Mkamburi alikuwa na dada yake, Mghoi, mteremko wa pili wa mlima. Walikosana siku ya kumzika mama yao, kisa chungu cha kupikia cha marehemu, na tangu hapo walikuwa wakikutana sokoni kila mtu anatazama nyanya. Aliposoma kitabu mara ya tatu, alikiweka chini, akajaza maharage kikapuni, akapanda mlima. Alimkuta Mghoi mgonjwa, amekonda, mlango wazi. Hawakusemezana habari za chungu. Walikaa pamoja msimu wote wa mvua, mmoja akimlisha mwenzake, na mvua zilipokatika Mghoi akafa, kichwa kikiwa kwenye paja la dada yake. Kitabu kilikaa kwa Mkamburi mpaka mwaka ukaisha. Waliokihitaji walikuja, akawaambia, "Bado." Kingine hakuazima.

Mwaka ukaisha. Magoti ya Mama Wakesho nayo yalikuwa yamekataa vilima, na binti yake Wakesho, aliyeolewa huko chini penye joto, alikuwa amesema atakuja na gari kesho yake amchukue. Kwa hiyo kabati lilikuwa halina siku nyingine. Mama Wakesho alilipangusa vumbi asubuhi akiona uchungu, kwa kuwa ndicho kitu cha mwisho kilichokuwa na mkono wa mumewe. Akimpa asiyestahili, atakuwa amemzika Mwalimu mara ya pili. Akautia ufunguo kwenye pindo la leso, akawakaribisha watu.

Wengi walikuja, wengi walitaja vitabu vyao, lakini wote walisema, "Mama, kabati ni la mmoja kati ya hawa watatu: aliyelimaliza lote, aliyepatana na dada yake, au aliyetusomea kinuni."

Maghanga akasimama wa kwanza. Akaufungua uzi wake wa buluu, vigelegele vikapigwa. Akasema, "Mama, nilisema nitasoma lote, nimesoma lote. Hakuna rafu nisiyoijua. Vilivyolowa nimevianika, vilivyolegea nimevishona. Hapa mtu akisema atasoma, nadhiri huwa ya mdomo. Yangu nimeitimiza. Mwalimu alisema apewe msomaji. Aliyesoma ni mimi."

Mkamburi akasimama, uzi wake bado kwenye mpini. Akasema, "Mimi nimesoma kimoja, na neno langu nimelivunja, sikatai. Lakini kile kimoja kilinipandisha mlima. Ningesoma kingine, na kingine, kama Maghanga, ningemkuta dada yangu mlango wake umepigiliwa misumari kama ule wa kitabuni."

Mama Wakesho akainua kichwa. "Misumari gani, Mkamburi? Si alifunguliwa kabla hajabisha?"

Mkamburi akamtazama Maghanga, Maghanga akatazama sakafu. Fundi akasema polepole, "Hakufunguliwa, Mama. Alichelewa. Kurasa nilizitenga mimi kwa mvuke, nikasoma."

"Ukajua mwaka mzima, ukaninyamazia?"

"Sikujua kwamba mtu anangoja kuambiwa, Mama. Kulikuwa na kitabu cha Jumapili nyingine."

Mama Wakesho akamgeukia Mwadime. Moyo ulimuuma kweli, kwa kuwa ule mlango uliofunguliwa mapema alikuwa ameishi nao mwaka mzima, akiufungua kila jioni. "Na wewe, mwanangu?"

Mwadime akasimama, unga bado kwenye nyusi. Akasema, "Mama, nilidanganya. Kurasa ziligandana, na ninyi mlikuwa mmekaa. Nilikuona wewe pale mbele nikashindwa kusema kitabu kimeishia hapa. Hata kimoja sijakimaliza, kwa kuwa kila nilichoanza nilikisoma kwa sauti kwenye foleni, na foleni haina haraka. Ila nitasema na langu. Kabla ya mwaka huu walikuwa wakikuja hapa watu wachache, na haohao. Tazama leo. Wamejaa mpaka uani. Wote hao walianzia kinuni. Mimi sikukimaliza kitabu, lakini niliwaanzishia wenzangu."

Basi, ubishi! Mmoja anasema neno ni neno. Mwingine anasema kitabu kisichokugusa umekipapasa tu. Wa tatu anasema bora anayesoma na wenzake, na wa nne anamjibu, "Hata kama anasoma uongo?" Mama Wakesho aliwaacha wachoke.

Walipochoka, Mkamburi alikwenda kwenye kabati akaushika uzi wa magunia. "Mimi namfungulia Mwadime," akasema, "na sababu yangu ni hii: asingenisomea, nisingekitafuta kitabu." Akaufungua.

Mwadime naye akaushika uzi mwekundu. "Mimi namfungulia Mkamburi. Mwisho niliousema ulikuwa wa uongo. Yeye alikwenda akaufanya wa kweli, wakala sahani moja." Akaufungua.

Maghanga akabaki amesimama, uzi wa buluu mkononi. "Mimi nilijifungulia mwenyewe," akasema, na sauti yake haikuwa ya majivuno tena. "Desturi haimpi aliyetimiza mtu wa kumsemea. Lakini nisingezitenga zile kurasa, Mkamburi angesoma nini?"

Mama Wakesho akawauliza jambo moja tu. "Kesho naondoka. Siku moja nitapanda tena huku, na magoti yangu haya. Nikibisha mlango wa mwenye kabati, nitakuta nini?"

Maghanga akasema, "Utakuta vitabu vyote vya Mwalimu, vikavu, kila kimoja mahali pake. Hata gizani nitakupa unachotaka."

Mkamburi akasema, "Utakuta kile kimoja. Nitakupa, Mama, na nitakaa nawe mpaka uumalize ule mwisho."

Mwadime akasema, "Utakuta kiti. Utakaa, uchambue mchele wako, mimi nisome. Na safari hii nitasoma kilichoandikwa, hata kikiuma."

Mama Wakesho akafungua pindo la leso. Akautoa ufunguo. Alimkumbuka mumewe, aliyekuwa akimaliza kila alichoanza, aliyekuwa akirudia kitabu kimoja mpaka mkewe akamcheka, aliyekuwa hasomi kimyakimya yeye akiwa karibu. Wote watatu walikuwa yeye, na kabati lilikuwa moja.

Akanyoosha mkono.

Mimi naishia hapa, maana mkono ule umenishinda kuusogeza. Haya, ninyi mliokuwa mkinisikiliza na kutikisa vichwa kama wenye majibu: yule aliyetimiza neno lake, yule aliyepanda mlima, na yule aliyewasomea wenzake. Je, ufunguo wa Mwalimu alistahili nani?