Vijiko Vinavyonuka Dawa

Mwanamke aliyeshikwa na uchungu wa uzazi huiacha haya yake mlangoni pa mkunga. Akijifunika gubigubi na kuibana miguu kwa aibu, mkunga atamsaidiaje? Hapo ndipo ilipotoka methali isemayo kwamba mficha uchi hazai. Wala haihusu uzazi peke yake. Kila mwenye shida amebeba kitu kizito ndani, na kitu hicho hakitoki mpaka akubali kuonwa na wale wanaoweza kumpokea. Hayo yalidhihirika asubuhi moja ya Jumamosi, katika mkahawa mpya kwenye viunga vya mji, ingawa aliyeyashuhudia alikaa muda mrefu bila kuelewa anashuhudia nini.

Shahidi huyo alikuwa mkutubi. Marafiki zake walimwita Kimya, kwa sababu kazi ya kuwanyamazisha wasomaji ilikuwa imemnyamazisha yeye kwanza. Alikuwa na marafiki wawili tu, nao walimtosha kama macho mawili yanavyomtosha mtu. Mmoja alikuwa mwalimu wa chekechea, jina lake la utani Redio, maana akiwashwa hakuna ajuaye pa kumzimia. Wa pili alifanya kazi katika wodi ya wazazi ya kliniki moja ya binafsi, naye aliitwa kwa kazi yake: Nesi. Walijuana tangu siku za bweni, na tangu hapo walikuwa na desturi ya kunywa chai ya asubuhi pamoja kila Jumamosi, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule.

Lakini desturi hiyo ilikuwa imeingia ufa. Kwa miezi kadhaa Nesi hakupatikana. Akipigiwa simu, yuko zamu. Akifuatwa nyumbani, mlango una kufuli.

"Ametuchoka," Redio alisema siku moja, macho yakimwiva kwa hasira. "Mtu akikuchoka hakufukuzi, shoga yangu. Anakuwa na zamu tu."

Maneno hayo yalimkosesha Kimya raha. Kwa hiyo Nesi alipowapigia ghafla na kuwaalika chai, si nyumbani bali mkahawani, Kimya alifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Redio alikubali kwa shingo upande. "Nakuja," alisema. "Lakini akituketisha pale kama watu baki na kutuficha yanayomsibu, mimi basi. Mtabaki wawili." Kimya alimjua Redio: mzaha alikuwa nao tele, vitisho vya bure hakuwa navyo. Chai hiyo ndiyo ingeamua kama urafiki wao ungebaki na mafiga matatu.

Mkahawa wenyewe ulikuwa mwisho wa barabara ya lami, baina ya duka la vipuri na nyumba zenye nyua ndefu. Kuta zilinuka rangi mbichi. Vitambaa vya meza vilikuwa vyeupe pe, na pembe zake zimekunjwa na kubanwa chini kwa nguvu hata mtu aliogopa kuweka kiwiko. Mlangoni alisimama mhudumu mmoja mrefu, shati lake bado lina mikunjo ya dukani, kifua mbele, kama anayesubiri gari lipige honi afungue geti.

"Karibuni," alisema. "Mmekuja kumwona nani?"

Redio alimtazama Kimya. Kimya akatazama chini.

"Tumekuja kuiona chai, kaka," Redio alijibu.

Nesi alikuwa ameshafika. Aliwakumbatia haraka haraka, mikono yake ikiwa na unyevu, akawaketisha katikati kabisa ya ukumbi ilhali meza zote zilikuwa wazi. Wazi, isipokuwa moja ya dirishani, alipokuwa ameketi mwanamume mnene mwenye miwani, peke yake.

"Si tukae pale pembeni, penye upepo?" aliuliza Kimya.

"Hapa pazuri," Nesi alisema. "Hapa mnaonekana." Kisha akainuka. "Nakwenda kunawa."

Kimya hakuelewa ni nani alitakiwa kuwaona. Mara chai ikaletwa. Ilikuwa vuguvugu, kama maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Nesi akarudi, akaketi, akauliza, "Vipi, nzuri?" na kabla hajajibiwa akainuka tena. "Nimesahau simu kule maliwatoni." Alipoondoka, uji ukaletwa. Aliporudi, alikuwa na jasho kwenye paji la uso. Akaondoka tena kumpigia mtu, na yakaletwa mayai ya kuchemsha, magumu kama gololi, pamoja na viazi visivyo na chumvi, vimepondwapondwa kana kwamba walaji hawana meno.

"Nesi ana tumbo la kuendesha," Redio alinong'ona, kwa namna ya kunong'ona kwake iliyosikika hadi barabarani. "Au ana bwana huko nyuma."

"Usiseme hivyo."

"Basi onja uji huu uniambie. Una chumvi? Hauna. Una sukari? Hauna. Una nini? Una subira." Aliinua kijiko, akakinusa, akakodoa macho. "Haki ya Mungu, shoga, kinanuka dawa! Nusa!"

Kimya alinusa. Kweli, kijiko kilinuka dawa ile ya kusugulia sakafu za hospitali. Uma nao ulinuka. Alihisi kichwa chake kinajaa ukungu. Kwa nini mtu akuite baada ya miezi ya ukimya, akuketishe katikati ya ukumbi, kisha akukimbie kila chakula kinapokuja?

Mhudumu alikuja, akainama kwa heshima. "Mnaendeleaje? Hakuna anayesikia kichefuchefu?"

Redio alicheka hadi akashika meza. "Kwa sasa bado, daktari! Ukipita tena baadaye utatukuta nacho!"

Mwanamume wa dirishani alitabasamu. Kimya alikuwa amemwona tangu mwanzo: alionja kila kitu kidogo kidogo, akitua na kufikiri. Redio naye aliliona tabasamu lile, na Redio akipata msikilizaji ni kama moto umepata nyasi kavu.

"Na wewe kaka, umelazwa hapa?" alimwita. "Wamekupa kitanda namba ngapi?"

Mwanamume akacheka wazi sasa. "Mimi nimekuja kuangalia tu, dada."

"Angalia kwa mbali! Ukikaa sana watakupima joto."

Nesi alikuwa amerudi, amesimama nyuma ya kiti chake. Uso wake ulikuwa umepauka. Aliketi, na chini ya meza Kimya aliona mguu wake ukimgusa Redio kwa nguvu.

"Unanipiga teke kwa nini?" Redio aliuliza kwa sauti. "Si ukweli? Ulituita tule, hujatuita tulale hospitali. Au mkahawa ni wa shangazi yako?"

"Si wa shangazi yangu," Nesi alisema taratibu.

"Haya basi."

Kimya alitamani kusema kitu cha kuwapatanisha. Alifungua kinywa, akakuta hamna neno, akakijaza viazi. Alipoinua macho, mwanamume wa dirishani alikuwa ameweka kijiko chini. Alikunja kitambaa chake vizuri, akamwambia mhudumu maneno mawili matatu, akatoka. Mhudumu alibaki ameduwaa mlangoni. Kisha akaja, si kwa mwenye kelele wala kwa mwenye kimya, bali moja kwa moja kwa Nesi.

"Sista," alisema. "Yule bwana ameondoka. Anashukuru. Anasema atatafuta kwingine."

Nesi aliinuka, na safari hii hakutoa sababu yoyote.

"Sista?" Redio alirudia. "Huyu amejuaje kama ni nesi?"

Kimya naye alikuwa akijiuliza hilo hilo. Miguu yake, ambayo kwa kawaida ilihitaji kusihiwa, ilimwinua yenyewe. Alimfuata Nesi kupita maliwatoni, kupita mlango wa nyuma, hadi jikoni. Hakukuwa na mpishi. Palikuwa na jiko, sufuria za uji, beseni lenye vijiko vilivyolowekwa kwenye maji ya dawa, na Nesi, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, aproni imefungwa juu ya gauni lake la kutokea, analia bila sauti.

Hapo ukungu ukaanza kupasuka kichwani mwa Kimya.

"Ni wewe unayepika," alisema.

"Mpishi niliyemwajiri hakutokea. Tangu alfajiri niko peke yangu." Nesi alijifuta kwa aproni. "Mimi si nesi tena, Kimya. Kliniki ilifungwa miezi kadhaa iliyopita. Yule aliyewahudumia alikuwa mlinzi wetu wa getini. Tulitoka sote siku moja. Akiba yangu yote nimeizika hapa. Na yule bwana uliyemwona anatoka kiwanda cha hapo mbele. Anatafuta mahali wafanyakazi wao watakapokunywa chai kila asubuhi, mwaka mzima. Kama angekubali, mkahawa ungesimama. Niliwaita ninyi ili asikute ukumbi mtupu."

"Mbona hukutuambia?"

Nesi alitazama mlangoni. Redio alikuwa amesimama pale, amesikia yote, na kwa mara ya kwanza tangu siku za bweni alikuwa hana neno.

Kimya hakusubiri. Alitoka mbio kwa mlango wa nyuma, akazunguka ukuta, akamkuta yule bwana anafungua gari. Kumsemesha mgeni kulikuwa kwake sawa na kupanda ngazi akiwa amefumba macho, lakini alipanda.

"Samahani, mzee. Mwenye mkahawa ni rafiki yetu. Sisi hatukujua. Tungejua, tusingecheka. Mpe nafasi nyingine, tafadhali."

Yule bwana alivua miwani, akamtazama kwa upole. "Binti yangu, uji usio na chumvi mimi siuogopi. Chumvi inapatikana. Lakini mtu aliyezidiwa kiasi kile, na amezungukwa na watu wake, asiwaambie hata 'nishikieni sufuria'? Nina wafanyakazi wengi. Siku jiko likiharibika, ataniambia, au nitagundua watu wakiwa wamekaa na njaa?" Alitikisa kichwa. "Nina mkahawa mwingine wa kuuona asubuhi hii, na leo ndiyo siku ya kuamua. Nisamehe."

Gari likaondoka. Kimya alisimama pale akitafuta kosa katika maneno yale, asilione.

Aliporudi jikoni, Redio alikuwa amemshika Nesi mabega yote mawili, machozi yanamtoka huku maneno yakimmiminika.

"Mimi ndiye nimekuharibia! Mimi na mdomo wangu huu! Lakini wewe, mwenzangu, ungeniambia!"

"Ningekuambia ungenicheka."

"Ningekucheka, ndiyo! Ningekucheka kutwa nzima. Halafu ningekuja alfajiri na aproni yangu, na uji ungekuwa na sukari, na yule bwana ningemsifia chai yako mpaka aombe kikombe cha pili. Mdomo uliokuvunja ndio ungekujenga! Ila mdomo hauwezi kupigania usichoujulisha." Redio alivuta kamasi. "Na si wewe uliyekuwa ukituhadithia? Wale wanawake wanaojifunika shuka hadi kidevuni, wewe unawaambia, 'Mama, funua, nisipokuona sitakusaidia.' Sasa mbona wewe umejifunika miezi yote hii?"

Nesi aliinamisha kichwa. "Nilizoea kuwa yule anayesaidia," alisema. "Sikujua namna ya kulala upande wa pili."

Kimya alichukua taulo, akaanza kuvisuuza vijiko kwa maji safi, kimoja kimoja, ili apate pa kuweka mikono. Redio alifungua dirisha, akaonja uji wa sufuriani, akakunja uso, akautazama tena kwa macho ya mtu anayekagua daftari la mtoto mzembe. Hakusema anaondoka, wala habari ya kubaki wawili haikutajwa.

Baadaye kidogo mhudumu aliingia, mkakamavu kama askari. "Sista, wameingia watu wawili, mume na mke. Wanataka mayai ya kukaanga."

Nesi alishika kikaangio. Alikiweka motoni, akavunja mayai, akasita. Kisha akageuka.

"Jamani," alisema, na neno hilo lilimtoka kwa shida kana kwamba linapita tundu la sindano, "njooni mnione. Niyageuze sasa, au bado?"

"Bado!" walijibu wote wawili kwa pamoja, na hata Kimya alisikika hadi ukumbini.

Mume na mke wale walikula wakamaliza, na baada yao wakaja wengine, mmoja mmoja, kama matone ya bomba bovu. Lakini wafanyakazi wa kiwanda walikunywa chai yao kwingine mwaka ule mzima. Kila asubuhi Nesi aliwaona kupitia dirishani wakipita kwa makundi, wakicheka, wakielekea kwenye mkahawa mwingine. Neema ile ilikuwa imekaribia kabisa kuzaliwa mikononi mwake, na wakunga wawili walikuwa wameketi mezani, mikono mitupu, wakingoja kuitwa. Hakuwaita kwa wakati. Mficha uchi hazai.